Saraka ya pamoja inapokataa: kufuata dalili za ruhusa na vikundi kwenye Linux

Mtu akisema saraka ya pamoja "imekataa", bado hajakuambia chochote. Huenda hawezi kuifungua, au anaifungua lakini hawezi kuhifadhi, au faili yake imehifadhika vizuri na mwenzake ndiye anayeshindwa kuihariri. Kila dalili ina chanzo chake. Dawa inayokimbiliwa ni moja tu, `chmod -R 777`, na ubaya wake hauishii kwenye usalama: haiponyi. Itafungua faili zilizopo leo kwa kila akaunti ya mashine, zikiwemo akaunti za huduma kama seva ya wavuti, halafu faili itakayoundwa kesho itazaliwa na ruhusa zilezile za jana na mlalamikaji atarudi. Kwenye saraka ya pamoja, swali kubwa ni jinsi faili mpya zinavyozaliwa.

Mifano yote hapa inatumia saraka `/srv/mradi`, kikundi `mradi`, na watumiaji `asha` na `juma`. Msingi wake ni huu:

```
sudo groupadd mradi
sudo gpasswd -a asha mradi
sudo gpasswd -a juma mradi
sudo mkdir /srv/mradi
sudo chgrp mradi /srv/mradi
sudo chmod 2770 /srv/mradi
```

Kabla ya kubadilisha kitu, kusanya ushahidi. Amri tatu zinatosha kwa kesi nyingi: `id` ikipigwa na yule aliyekataliwa, kwenye terminali ileile aliyokataliwa, `namei -l` ikifuatiwa na njia kamili ya faili, na `getfacl` juu ya faili yenyewe. Soma pia ujumbe wa kosa neno kwa neno. `Permission denied` na `Operation not permitted` ni makosa mawili tofauti, na `Read-only file system` haihusiani na ruhusa hata kidogo: hapo diski imefungwa isiandikwe, na pa kutazama ni `dmesg`.

"Nimeongezwa kwenye kikundi lakini bado nakataliwa"

Hii ndiyo inayojitokeza zaidi. Mchakato (programu inayoendeshwa) hupewa orodha ya vikundi vyake mtumiaji anapoingia, na kila mchakato unaozaliwa chini yake huirithi. Ukimwongeza Juma kwenye kikundi sasa hivi, terminali aliyoifungua asubuhi haina habari. Linganisha:

```
id
id juma
```

Amri ya kwanza inaonyesha vikundi vya kikao chenyewe. Ya pili inasoma hifadhidata ya watumiaji. Kama `mradi` imo kwenye ya pili na haimo kwenye ya kwanza, umeshapata jibu. Njia nyingine ni msimamizi kupiga `sudo -u juma touch /srv/mradi/jaribio`. `Sudo` husoma vikundi upya, kwa hiyo ikifaulu wakati Juma mwenyewe anashindwa, ruhusa ziko sawa na kikao chake ndicho kilichopitwa na wakati.

Atoke kabisa na kuingia tena. Kufunga dirisha la terminali na kufungua jingine kwenye mazingira ya picha hakusaidii, kwa sababu dirisha jipya linazaliwa na kikao kilekile. `newgrp mradi` inafaa kwa dharura, ila inahusu terminali hiyo peke yake na inakifanya `mradi` kuwa kikundi kikuu cha humo.

Kuna wanaoapa kwamba wametoka na kuingia na bado hali ni ileile. Mara nyingi wanasema kweli. `tmux` na `screen`, programu za kutunza terminali zikiwa wazi, hubaki hai mtumiaji akitoka, na terminali zilizomo hubaki na vikundi vya zamani. Muunganisho wa SSH unaotumiwa kwa pamoja kupitia `ControlMaster` vilevile: kila kikao kipya kinapanda juu ya muunganisho wa zamani, hivyo inabidi kuufunga kwa `ssh -O exit`. Na kama mtumiaji amewekewa `loginctl enable-linger`, meneja wake wa systemd haufi anapotoka. Ukitaka kuhakikisha kuhusu mchakato wowote, tafuta namba yake kisha:

```
grep Groups /proc/4312/status
```

Utapata namba za vikundi. Zilinganishe na `getent group mradi`. Huduma zinazojiendesha nazo zinahitaji kuwashwa upya baada ya akaunti yao kuongezwa kwenye kikundi.

Jambo moja la pembeni, lakini zito. `usermod -G mradi juma` bila `-a` haimwongezi Juma. Inafuta vikundi vyake vyote vya ziada na kumwachia `mradi` tu. Akiwa msimamizi, atapoteza `sudo`, na hatatambua mpaka aingie tena. Ndiyo maana juu nimetumia `gpasswd -a`, isiyo na mtego huo.

"Faili mpya zinakuja na kikundi kisicho chetu"

Bila maelekezo mengine, faili mpya huchukua kikundi kikuu cha aliyeiunda. Debian, Ubuntu na Fedora humpa kila mtumiaji kikundi chake binafsi, hivyo faili ya Juma itaonekana `juma juma`, na Asha ataishia kwenye fungu la "wengine". Kinachobadilisha hali hiyo ni biti ya `s` upande wa kikundi, ile 2 ya mwanzo kwenye `2770`: faili inayoundwa ndani ya saraka yenye biti hiyo hurithi kikundi cha saraka, na saraka ndogo hurithi kikundi pamoja na biti yenyewe.

Haifanyi kazi kinyumenyume. Saraka ndogo zilizokuwepo kabla haziguswi, na hapo ndipo tatizo hubaki limejificha ngazi mbili tatu chini. Rekebisha hivi:

```
sudo chgrp -R mradi /srv/mradi
sudo find /srv/mradi -type d -exec chmod g+s {} +
```

Ukiona `S` kubwa badala ya `s` ndogo kwenye `ls -ld`, biti ipo lakini kikundi hakina `x` (kwa saraka, ruhusa ya kupita); piga `chmod g+x`. Na kama mmiliki wa saraka ambaye si mwanachama wa kikundi chake atapiga `chmod` juu yake, kerneli (kiini cha mfumo) itaiondoa biti hiyo kimya, bila kosa lolote. Mtu ataapa aliiweka, na haipo.

Halafu kuna faili ambazo hazikuundwa humo, zimehamishiwa. `mv` ndani ya diski moja haiundi faili mpya, inabadilisha jina tu, kwa hiyo kikundi na ruhusa za zamani vinakuja navyo. `cp` ya kawaida huunda faili mpya na urithi unafanya kazi. `cp -p`, `cp -a` na `rsync -a` zimeagizwa zitunze ruhusa za kule zilikotoka, na zinatii. Kwa `rsync` kwenda saraka ya pamoja napendekeza:

```
rsync -a --no-o --no-g --chmod=D2770,F660 chanzo/ /srv/mradi/chanzo/
```

"Kikundi ni sahihi, naweza kusoma, siwezi kuhifadhi"

`ls -l` inaonyesha `-rw-r--r-- asha mradi`. Biti ya `s` imefanya kazi yake, kwani hurithisha kikundi tu; haina usemi wowote juu ya ruhusa. Aliyeondoa `w` (ruhusa ya kuandika) ya kikundi ni `umask` ya Asha, yaani ruhusa zinazokatwa kwenye kila faili mpya. Programu nyingi huomba faili iundwe kwa 666, na `umask` ya 022 hukata na kubaki 644. Ikiwa 002, inabaki 664.

Unaweza kuweka `umask 002` kwa kila mwanachama. Kwenye mfumo ambao kila mtu ana kikundi chake binafsi ni salama, maana kikundi cha faili za nyumbani kwake ni yeye peke yake. Hiyo hasa ndiyo sababu vikundi hivyo vilibuniwa. Shida ni kwamba `umask` ni mali ya mchakato, na michakato haipiti njia moja. Ukiiandika kwenye `~/.bashrc`, kazi za cron hazitaiona, wala programu iliyofunguliwa kutoka menyu ya picha, wala huduma ya systemd, ambayo inataka mstari wake wa `UMask=0002`. Utaziba upande huu, faili itazaliwa vibaya upande ule.

Kwa sababu hiyo mimi huenda moja kwa moja kwenye ACL (orodha ya ruhusa za ziada inayotaja watumiaji na vikundi kwa majina) ya chaguo-msingi, ambayo inakaa kwenye saraka badala ya kumfuata mtumiaji:

```
sudo setfacl -R -m g:mradi:rwX /srv/mradi
sudo setfacl -R -d -m g:mradi:rwX /srv/mradi
```

Mstari wa kwanza unashughulikia vilivyopo, wa pili unaweka urithi wa vitakavyokuja. `X` kubwa ina maana: toa `x` kwa saraka, na kwa faili zile tu ambazo tayari zina `x`. Saraka ikiwa na ACL ya chaguo-msingi, `umask` haitazamwi kabisa wakati faili inaundwa humo. Faida nyingine ni kwamba `mradi` kimetajwa kwa jina, hivyo hata faili ikizaliwa na kikundi kingine, wanachama bado wanaingia. Faili zilizoletwa kwa `mv`, hata hivyo, hazirithi ACL kama zisivyorithi kikundi.

"ACL inasema rw, lakini kuandika kunakataliwa"

Hapa wengi hupotea, kwa sababu `ls -l` inaacha kusema kile walichozoea. Angalia:

```
$ ls -l ripoti.ods
-rw-r-----+ 1 asha mradi 18211 ripoti.ods
$ getfacl ripoti.ods
# file: ripoti.ods
# owner: asha
# group: mradi
user::rw-
group::rw-              #effective:r--
group:mradi:rw-         #effective:r--
mask::r--
other::---
```

Alama ya `+` inakujulisha kwamba kuna ACL. Ikiwepo, herufi tatu za katikati hazionyeshi tena ruhusa za kikundi. Zinaonyesha `mask`, yaani kikomo cha juu kwa kila aliyemo kwenye orodha isipokuwa mmiliki na wale wengine. Kikundi `mradi` kimepewa `rw`, kikomo ni `r`, kinachobaki ni `r`. Safu ya `#effective` ndiyo ya kuamini.

Kikomo kimeshushwa na nani? Ama mtu amepiga `chmod 640` au `chmod g-w`, kwa kuwa kwenye faili yenye ACL `chmod` ya upande wa kikundi hubadilisha `mask`. Au programu iliyoiunda iliomba 600 tangu mwanzo, kama zifanyavyo programu nyingi zinapotengeneza faili za muda kisha kuzipa jina la kudumu. ACL ya chaguo-msingi inaweza kuishinda `umask`, lakini haiongezi kile ambacho programu haikuomba. Kurekebisha faili moja:

```
setfacl -m m::rw ripoti.ods
```

Kikomo kikishuka tena kila baada ya kuhifadhi, acha kuhangaika na faili. Tafuta programu inayoiandika. Pengine ina mpangilio wake wa ruhusa.

"Ruhusa za faili ni nzuri kabisa, ila hata kuiona siwezi"

Tazama juu ya faili. Kufika kwenye faili kunahitaji `x` katika kila saraka ya njiani, kama vile ufunguo wa chumba usivyokufaa kitu ikiwa lango la nje limefungwa. `namei -l` hukuonyesha ngazi zote kwa pamoja:

```
$ namei -l /home/asha/mradi/ripoti.ods
f: /home/asha/mradi/ripoti.ods
drwxr-xr-x root root  /
drwxr-xr-x root root  home
drwxr-x--- asha asha  asha
drwxrws--- asha mradi mradi
-rw-rw---- asha mradi ripoti.ods
```

Mstari wa nne ndio kizuizi: nyumba ya Asha haimpi Juma `x`. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huunda saraka za nyumbani kwa 750, kwa hiyo mpangilio uliofanya kazi kwenye mashine ya zamani unaweza kugoma kwenye mpya bila mtu kukosea popote. Unaweza kumpa kikundi njia ya kupita tu, `setfacl -m g:mradi:x /home/asha`. Heri zaidi kuihamishia kazi ya pamoja `/srv`, kwa kuwa nyumba ya mtu huenda ikafutwa pamoja na akaunti yake.

"Mimi ndiye mwenye faili, wenzangu wanaandika, mimi siwezi"

Faili ni `-r--rw---- asha mradi`. Kerneli huangalia kwanza kama wewe ni mmiliki. Ukiwa ndiye, ruhusa za mmiliki ndizo zinazotumika na ukaguzi unaishia hapo, hata kama kikundi chako kina zaidi. `chmod u+w`, basi.

"Mtu amefuta faili yangu, na haikuwa na ruhusa ya kuandikwa"

Kufuta hakuiandiki faili. Kunaiandika saraka, kwa kuondoa jina humo, hivyo kila mwenye `w` na `x` kwenye saraka anaweza kufuta kilichomo. Biti ya `t`, ileile inayolinda `/tmp`, inazuia hilo: `chmod 3770 /srv/mradi`, na hapo anayeweza kufuta ni mmiliki wa faili, mmiliki wa saraka, au `root`.

Fikiri kabla ya kuiweka, maana ina gharama. Vihariri vingi huhifadhi kwa kuandika faili mpya pembeni kisha kuibadilisha jina ichukue nafasi ya ile ya zamani. Kwa mfumo, huko ni kufuta ya mwenzako. Saraka yenye `t` itakataa, na Juma hataweza kuhifadhi hati ya Asha japo ana `rw` juu yake. Kwa Vim, `set backupcopy=yes` huifanya iandike palepale. Zaidi ya hapo, `sysctl fs.protected_regular` ikiwa 2, saraka yenye `t` inayoandikwa na kikundi itakataa hata `echo >>` kwenye faili iliyopo ya mtu mwingine, na `root` naye anakataliwa. Kwa timu inayohariri hati moja kwa pamoja, nakala za akiba zitakufaa kuliko `t`.

Tabia hiyo ya vihariri ndiyo pia inayoeleza kwa nini mmiliki wa hati hubadilika kila anapohifadhi mtu tofauti. Si hitilafu.

`Operation not permitted`

Hapa unafanya kitu ambacho ruhusa za `rw` haziwezi kukupa. `chmod` ni ya mmiliki na `root` tu. Kuwa kwenye kikundi hakutoshi. `chgrp` inamtaka mmiliki, na awe mwanachama wa kikundi anachotaka kuipa faili. Kuweka saa ya faili isiyo yako pia ni haki ya mmiliki, na ndiyo maana `rsync` hulalamika kuhusu saa za saraka ingawa imenakili kila kitu, ongeza `-O`. `root` mwenyewe akikataliwa, piga `lsattr`: herufi `i` ina maana faili imegandishwa, na `chattr -i` huiachia. Kwenye diski za FAT na exFAT hakuna mmiliki wala kikundi; hupangwa wakati wa kuunganisha diski kwa `uid=`, `gid=`, `fmask=` na `dmask=`.

"Kwenye seva inafanya kazi, kupitia mtandao haifanyi"

Kwa NFS ya kawaida (njia ya kushiriki saraka kati ya mashine za Linux), kinachosafiri ni namba za watumiaji na vikundi, si majina. Kama `mradi` ni 1005 kwenye seva na 1007 kwenye kompyuta ya Juma, hao ni vikundi viwili. Linganisha `getent group mradi` pande zote. Kama namba zinalingana na mtu mmoja tu anateseka, hesabu vikundi vyake: uthibitisho wa `sys` hubeba vikundi 16 vya ziada, vinavyozidi hukatwa. Weka `manage-gids=y` chini ya `[mountd]` kwenye `/etc/nfs.conf` ya seva, nayo itavitafuta yenyewe.

Samba, inayoshiriki saraka na kompyuta za Windows, ina kisu chake: `create mask` ya chaguo-msingi ni 0744, inayoondoa `w` ya kikundi hata ukipanga vipi kwingine. Kwenye sehemu husika:

```
force group = mradi
create mask = 0660
directory mask = 2770
```

"Huduma inakataliwa, ila akaunti yake kwa mkono inafaulu"

Kwa systemd, soma faili ya huduma kwanza. `ProtectHome=` na `ProtectSystem=strict` zinaweza kuificha au kuifunga saraka bila kujali ruhusa, na `SupplementaryGroups=mradi` huongeza kikundi. Kwenye mifumo yenye SELinux, mlinzi wa ziada anayeamua kwa lebo, `ausearch -m avc -ts recent` itakuambia kama yeye ndiye aliyekataa. Saraka iliyoletwa kwa `mv` hubeba lebo ya kule ilikotoka, na `restorecon -R` huirudisha. Kwenye kontena, namba za watumiaji ndizo zinazohesabika, na vikundi vya ziada haviingii vyenyewe: Docker ina `--group-add` inayopokea namba ya kikundi.

Hazina ya Git inayotumiwa na wengi

Ujumbe ni `insufficient permission for adding an object to repository database`. Git huunda saraka ndogo nyingi ndani ya `objects`, na kila mtu huziunda kwa `umask` yake. Ukiwa ndani ya hazina tupu ya seva, isiyo na faili za kazi:

```
git config core.sharedRepository group
sudo chgrp -R mradi .
sudo chmod -R g+rX .
sudo find . -type d -exec chmod g+ws {} +
```

Vitu vilivyomo ndani ya `objects` ni vya kusomwa tu kwa makusudi, usivipe `w`. Na `detected dubious ownership` si suala la ruhusa: tangu toleo la 2.35.2 la mwaka 2022, Git hukataa hazina inayomilikiwa na mtu mwingine mpaka uiorodheshe kwa `git config --global --add safe.directory`.

Mtu ameshapiga 777

Kama ulihifadhi ruhusa mapema kwa `cd /srv && getfacl -R mradi > ruhusa.txt`, rudi palepale, kama `root`, na `setfacl --restore=ruhusa.txt`. Kama hukuhifadhi:

```
sudo find /srv/mradi -type d -exec chmod 2770 {} +
sudo find /srv/mradi -type f -exec chmod 660 {} +
```

Skripti zitapoteza `x`, kwani baada ya 777 hakuna tena cha kuzitofautisha na hati za kawaida. Zinazoanza na `#!` zinaweza kurudishiwa kwa pamoja. Programu zilizokusanywa utazitafuta kwa mkono:

```
sudo find /srv/mradi -type f -exec sh -c \
  'head -c2 "$1" | grep -q "^#!" && chmod ug+x "$1"' _ {} \;
```